Shikamoo ya Yadi ya Magari

Sisi watu wa milimani tuna udhaifu wetu, na yule muuza magari wa Tanga aliujua kuliko tulivyoujua wenyewe. Mtu akikupa shikamoo nawe ukaitikia marahaba, tayari amekuwa mwanao, na mwana hakaguliwi mbele za watu kama mwizi. Kwa kosa hilo tulinunua gari.

Tulilihitaji kwa ajili ya mama. Magoti yake yalikuwa yamekwisha, na kila mwezi alitakiwa kliniki Bumbuli. Kutoka kwetu Mgwashi alikuwa anapanda bodaboda, na akishuka anafuta machozi, akituambia ni vumbi. Mwezi mmoja akakataa kabisa kwenda. Alisema bora akae nyumbani na magoti yake kuliko kupakizwa kama kiroba cha karoti. Baba akauza ng'ombe wawili na miti yake ya mbao, tukateremka Tanga, yeye na mimi. Mimi ndiye mwenye leseni katika nyumba yetu.

Muuzaji alitupokea getini. Alikuwa na baraghashia safi na ndevu nyeusi tii, na aliinama hadi nikadhani ameangusha kitu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Pale pale biashara iliisha. Alituuliza tumetoka wapi, tulipomwambia akatusalimia kwa Kishambaa cha kuokoteza, baba akacheka hadi mabega yakatikisika. Kisha tukaonyeshwa gari dogo la kijivu. Eti lilikuwa la mwalimu wa kike, akiendesha kwenda shuleni na kurudi tu, na kilomita zake chache kweli kweli. Nikaingia ndani kutazama. Raba ya pedali ya breki ilikuwa imelika hadi chuma kinang'aa. Nikauliza, huyo mwalimu alikuwa anafundisha nchi gani?

Muuzaji hakunitazama. Alimjibu baba. Kila nilichouliza mimi kilijibiwa kwa baba, kana kwamba mimi ni redio iliyoachwa wazi. Nikagusa boneti, nikakuta ni ya moto, na sisi ndio kwanza tumefika. Gari lililopoa husema ukweli linapowashwa; hili walikuwa wameshaliwasha kabla hatujaingia. "Jua la Tanga hilo, baba," akasema. Nikaomba tukalijaribu kwenye kilima chochote. Akasema utaratibu wa yadi hauruhusu, tuzunguke mtaa huu tu. Mtaa wenyewe tambarare kama mkeka! Tukazunguka, gari likateleza vizuri, na tuliporudi tukawakuta vijana wawili wakiliulizia gari hilo hilo, mmoja akipiga simu kwa sauti kubwa kwamba hela itumwe haraka.

Nikamvuta baba pembeni. Nikamwambia hao vijana ni wa humu humu, nimewaona wakiosha magari tulipokuwa tunaingia. Baba akanikazia macho.

"Mwanangu, mtu ameniamkia kwa adabu, wewe unamfanya mwongo mbele yangu? Heshima si utumwa."

Nilinyamaza. Mpaka leo nakasirika nikikumbuka kwamba nilinyamaza.

Hadi Mombo mambo yalikuwa shwari, na baba alisifu gari, akasifu na malezi ya yule muuzaji. Tulipoanza kupanda kuelekea Soni, mshale wa joto nao ukaanza kupanda. Kona ya tatu tukasimama kwa mvuke. Tukajaza maji, tukapanda kidogo, tukasimama tena, malori ya kabichi yakitupita yanateremka na madereva wakitupigia honi za pole. Fundi wa Soni alifungua, akatikisa kichwa. Injini iliwahi kuchemka hadi kichwa chake kikapinda, kikachongwa, kikarudishwa, na ndani ya rejeta walikuwa wamemimina dawa ya kuziba matobo. Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Wiki iliyofuata tulilirudisha Tanga. Kuteremka lilikuwa hodari sana. Baba alivaa kanzu, njia nzima akipanga namna ya kuzungumza na mwanawe huyo wa yadi bila kumwaibisha. Yule bwana alituona tangu getini, lakini safari hii hakuinama. Hakunyanyuka hata kwenye kiti.

Baba akaeleza polepole, kwa upole ulionitia hasira. Muuzaji akagonga kidole kwenye karatasi tuliyotia sahihi: gari limeuzwa kama lilivyo. Baba akasema, "Lakini mwanangu..."

"Mzee mwenzangu," akamkatiza, "mimi nina wajukuu saba. Mimi na wewe ni rika moja, tusizungushane."

Nikamtazama vizuri. Piko aliyopaka ndevu kuzitia weusi ilikuwa imeanza kuondoka, na mashina yake yalikuwa meupe kama unga. Baba naye aliona. Akatoka nje bila kuaga, yeye ambaye huaga hata mbuzi. Garini aliongea mara moja tu. Alisema kuibiwa hela anakuelewa, wezi wapo, lakini mtu mzima kumwamkia mtu mzima mwenzake ili amwibie, hilo hajawahi kulisikia. Tukapanda mlima kwa kusimama na kujaza maji.

Siku ya kliniki ikafika, na gari ndilo lililokuwepo. Mama alijifunga khanga mpya, akakaa mbele, akashika mkanda kwa mikono miwili, anatabasamu. Hatukuwa tumemweleza kila kitu. Kwenye mpando wa kwanza mrefu gari likaanza kunguruma na kutetemeka, mshale ukaenda kwenye wekundu. Baba akashuka kabla sijasema neno. Halikupanda. Mama akamtazama baba aliyesimama barabarani, akanitazama mimi, akafungua mlango.

"Na mimi nishuke, lipate nguvu."

"Mama, kaa. Gari ni lako."

"Litapandaje na mimi ndani?"

Akashuka. Gari likapanda, mimi peke yangu ndani yake. Kule juu nikasimama, nikaogopa kuzima injini maana lisingewaka tena, nikabaki nimekanyaga breki ile iliyolika. Kwenye kioo niliwaona wakija, baba amemshika mkono, mama akipiga hatua tatu na kupumzika, hatua tatu na kupumzika. Aliponiona namsubiri, akanipungia khanga nitangulie.