Kichomi cha Tarumbeta

Sokoni walimwita Tarumbeta, na jina halikumwonea. Alinadi mitumba akiwa amesimama juu ya meza, na sauti yake ilifika mpaka kwa wauza viatu ng'ambo ya barabara. Mumewe, fundi saa asiye na maneno mengi, alizoea kutania kwamba waligawiwa sauti mbili, mkewe akazibeba zote.

Asubuhi moja alipanda mezani, akainua gauni la kunadi, akafungua mdomo. Kikatoka kikohozi. Meno yakaanza kugongana kwa baridi, na jua linawaka. Ubavu wa kulia ukamchoma kama umeingizwa mkuki. Alipotema, makohozi yalikuwa na rangi ya kutu.

Hospitalini, daktari, binti wa rika la mwanawe, alimgongagonga mgongoni kwa vidole. Kushoto palilia kama ngoma. Kulia, chini, palikuwa bubu kama ukuta.

"Mama, hapa hewa haiingii. Pamejaa."

Picha ya eksirei ikasema vivyo hivyo. Pafu la kushoto lilikuwa jeusi, limejaa hewa. La kulia, kipande chake cha chini kilikuwa cheupe pe, kikiishia kwenye mstari kana kwamba kimekatwa kwa mkasi.

"Ni nimonia ya bakteria," daktari alisema. "Wengine, hasa wazee na watoto wadogo, huwatokea madoadoa, yametapakaa mapafu yote mawili. Wewe imekamata kipande kimoja kizima. Saa hizi ni kigumu kama ini."

"Ini? Kifuani?" Tarumbeta alinong'ona.

Wakamlaza, wakamchoma sindano. Homa ikashuka, lakini hata aliporudi nyumbani, kutoka kitandani hadi mlangoni alitweta kama aliyepanda mlima.

Wiki kadhaa baadaye walipiga picha nyingine. Daktari akazibandika zote mbili kwenye taa. Pale palipokuwa peupe, sasa peusi tii.

"Hakuna hata kovu?"

"Hakuna, mama. Dawa iliua bakteria. Uchafu mwili wako umeufagia wenyewe. Vifuko vya hewa, mamilioni kwa mamilioni, vimefunguka upya."

Fundi saa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena na kusogea karibu.

"Saa ikiingia maji," alisema polepole, "sijawahi kuona ikajikausha."

"Na mimi nilikuwa nimelala tu, nakoroma!" mkewe akasema, kiganja kikiwa ubavuni.

Getini alisimama, akafumba macho, akavuta pumzi taratibu mpaka chini kabisa. Hapakuchoma.

"Twende, mke wangu?"

"Ngoja kwanza," akasema, akavuta nyingine.