Makarara ya Baba

Juzi kitukuu changu alifungua chupa ya soda karibu na sikio langu, ikalia fsss, na papo hapo nikawa nimerudi Msambweni, miaka ile ya hamsini, nimeinamia kibuyu cha tembo la mnazi la asubuhi. Tembo bichi huchemka lenyewe bila moto. Povu hupanda hadi mdomoni, na harufu yake ni tamu, ina uchachu kwa mbali. Mniwie radhi wenye dini. Hata mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, aliyelilaani kila Ijumaa, alituma watoto kwetu kuomba siki, na siki ile ni tembo lililozeeka tu.

Nilikuwa nasema nini? Ee, baba. Baba alikuwa mgema, kama babake, na shamba lilikuwa letu wenyewe. Minazi sita aligema, mingine aliiacha izae nazi. Watu hudhani kugema ni kukwea. Kumbe kazi iko juu: unalifunga karara, yaani ua la mnazi ambalo halijafumbuka, kisha unalikata ncha asubuhi, adhuhuri na jioni, kipande chembamba kama ganda la kitunguu. Ukiliacha siku mbili, limekauka.

Basi baba akateleza, akaanguka, paja likavunjika. Mganga wa mifupa akaja kutoka Kikoneni, akamfunga vijiti, akasema atapona. Ndugu wa kiume sikuwa nao. Nikavaa suruali kuukuu ya baba, nikachukua kotama, kile kisu cha wagema, nikakwea ili makarara yasife kabla hajainuka. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nakisia.

Bi Mwanakombo, jirani yetu, alisimama chini akanitazama.

"We Mejumaa, hao wachumba watakuja kukuposa huko juu?"

"Wakija wapande, bibi."

Siku ya kwanza nilishusha vibuyu vimejaa kuliko vya baba. Siri yangu ni kwamba nilikata vinene, kwa maana niliona tembo linatoka jingi. Nikampelekea kitandani, pale uani, kivulini mwa mnazi mmojawapo. Akasikiliza povu, akaonja.

"Unakata vipi, mwanangu?"

"Kama wewe, baba."

Akanirudishia kibuyu. "Haya. Shika mti vizuri."

Karara mkononi mwa baba lilidumu mwezi na zaidi. Mwangu halikufika siku kumi. Yakaisha moja baada ya jingine mpaka kwenye kikonyo, nikabaki juu ya mnazi na kotama yangu, sina pa kukata. Wanunuzi wakahamia kwingine. Paja likaunga kombo, baba hakukwea tena, na mama akanivua ile suruali. Shamba likapewa wagema wageni.

Miaka mingi niliamini mimi ndiye niliyemmaliza. Mama, alipokuwa mkongwe, ndipo aliponiambia kwamba siku ile ya kwanza, akitandika kitanda, alikuta chini ya mto wa baba kipande cha karara kilichoanguka uani, kinene kama kidole gumba.

Alijua, basi. Neno moja, "punguza," lingetosha. Lakini kukata kwembamba ni kazi ya mtu anayetarajia kukwea mwezi ujao, na yeye alikuwa amekwisha kulisikia paja lake, kwamba halitamkweza tena.