Betri Begani kwa Baba

Juzi sokoni Litein nilimwona fundi akivaa glavu na miwani kabla ya kumimina asidi kwenye betri ya gari. Hewa ilikuwa na ukali wa kukwaruza koo, nikakumbuka alasiri moja nyumbani.

Baba alikuwa anarudi kutoka kuchajisha betri ya gari tuliyowashia televisheni. Aliibeba begani, akipita kati ya michai huku akipiga mluzi. Mama alipoona shati lake limelowa, alitupa kikapu cha majani chai.

"Baba Chebet, toa hiyo shati! Ni asidi!"

"Ngoja niweke betri chini polepole. Ikivunjika, watoto wataona nini leo?"

Mama alishika mtungi wa maji ya chemchemi, yale tuliyokatazwa hata kunawia miguu, akammwagia yote begani, kisha akaitisha mtungi mwingine. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilidhani wanacheza.

Jioni tulitazama televisheni. Baba alikaa kifua wazi kwenye baridi ile yetu, bega moja ameligeuzia ukutani, akicheka kila tulipocheka. Nilidhani anasikia joto.