Tulivyoenda Burundi kupaona ukweni kwa mdogo wangu, nikagundua sikuwa naijua nchi hiyo

Wakuu, nawasalimu kutoka Kitendaguro, Bukoba. Sitatia chumvi, haya nimeyaona mwenyewe.

Mdogo wangu Koku alipata mchumba Mrundi, Dezire, fundi umeme anayefanya kazi hapa mjini.

Mzee wetu kule Kamachumu akagoma. "Kwao sikujui. Akimtesa mwanangu, namshtaki kwa nani?"

Koku alilia mpaka mzee akalegeza kidogo: shangazi yetu, Ma Justa, aende akapaone. Akisema hapana, basi ni hapana. Mimi nikapewa kazi ya kumsindikiza.

Tukapita Biharamulo, Ngara, tukavuka border ya Kobero tukiongozwa na Dezire. Ng'ambo tu, gari likahamia upande wa kulia. Shangazi alishika rozari hadi Muyinga, kila lori analiona linatujia sisi.

Sasa mambo niliyojifunza.

Mji mkuu ni Gitega. Mimi bado nilikuwa na Bujumbura niliyokariri shuleni.

Halafu huko milimani hukuti kijiji cha nyumba zilizobanana. Kila familia iko ndani ya shamba lake, migomba imeizunguka. Mtu anakuuliza unatoka mlima gani.

Shangazi akaninong'oneza, "Kumbe na hawa wana vibanja," yaani mashamba ya migomba yenye nyumba katikati, kama kwetu.

Lugha je? Nilibeba Kifaransa cha Google, hakikunisaidia. Tulipofika kwao Dezire, mama yake alisema "ibitoke", sisi tunasema "ebitoke", ndizi zile zile. Shangazi akaongea Kihaya polepole. Nusu walielewana, nusu wakacheka.

Ila kuhusu ndoa shangazi alikuwa hajatamka neno. Koku akawa ananipigia simu kila mara kuuliza.

Kikaletwa chungu cha pombe ya mtama na mirija mirefu, mnavuta wote pamoja. Shangazi naye akatoa kahawa yetu ya kutafuna, akampa baba yake Dezire kwa mikono miwili.

Mzee akaitazama sana. Dezire akatafsiri: "Anasema amelima kahawa tangu ujana, anauza tu. Hajawahi kuitafuna."

"Basi leo aonje jasho lake," shangazi akasema.

Akatafuna, uso ukajikunja. Kisha akanyoosha mkono aongezwe. Tulicheka sana.

Kicheko kilipotulia, shangazi akauliza: "Binti yetu akikosana na mwanao, utasimama wapi?"

Dezire alitafsiri akiangalia chini.

Mzee akajibu taratibu. "Nitamsikiliza binti kwanza. Huyu wangu ana sisi wote hapa. Yeye atakuwa peke yake."

Shangazi akatoka nje, akapiga simu. "Baba Koku, mwache mtoto aolewe. Huku kuna mtu wa kumsemea."

Nikasikia mzee wetu anauliza simuni, "Wanakula nini?"

"Ndizi."

"Haya, sawa."

Harusi ilifanyika Kamachumu, wakwe wakaja na ngoma zao. Nilichojifunza: nchi jirani tunazijua kwa taarifa ya habari tu, wakati kuketi sebuleni kwa watu kunafundisha zaidi.

Sasa wakuu, naombeni msaada. Koku ni mjamzito, na nimeambiwa kule kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, si lazima lile la baba. Mzee wetu kusikia hivyo ameshaanza kutuma majina ya Kihaya kila asubuhi.

Mliokaa Burundi, tumjibuje?