Mwaka Niliofaulu Peke Yangu

Baba yangu aliletwa kufundisha karibu na Mahurunga, mpakani na Msumbiji, akitokea Iringa, na Kimakonde hakujua hata neno moja. Darasa la saba, ambalo na mimi nilikuwamo, likaona limepata mchezo. Wavulana wakamfundisha salamu. Kesho yake akamwamkia nayo bibi mmoja kisimani, kumbe ni tusi. Bibi alimmwagia maji. Baba aliingia darasani shati limelowa, akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akasema, "Haya, sasa nipeni salamu yenyewe."

Kinara wao alikuwa mvulana ambaye wazazi wake walitoka Msumbiji. Alitia vyura kwenye boksi la chaki, lakini hesabu alizimaliza kabla baba hajageuka kutoka ubaoni. Jioni baba aliwafundisha bure barazani kwetu, mama akiwapikia uji. "Yule atafika mbali," alikuwa akimwambia mama.

Kiangazi, mahindi ya bondeni yalipoanza kubeba, mvulana akaacha kuja. Baba akanichukua tukamfuate mtoni. Tulimkuta juu ya dungu, kombeo mkononi, anafukuza nyani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mtihani umekaribia, mwanangu."

Mama yake, aliyekuwa akipalilia, ndiye aliyejibu. "Mwalimu, viboko wameshakula nusu ya shamba. Haya yaliyobaki yakiliwa, utatulisha wewe?"

Baba alivua viatu, akapanda dunguni, akamfundisha huko huko. Akawa anakwenda kila akitoka kazini, mpaka siku alipokuta dungu tupu. Familia nzima ilikuwa imevuka mto, imerudi Msumbiji.

Matokeo yalipotoka, nilifaulu mimi peke yangu. Kijijini wakasema mwalimu kamfaulisha mwanawe. Hata waliokunywa uji wetu walisema hivyo, na wadogo zao wakatunga wimbo, wakawa wanauimba nje ya dirisha la darasa. Baba aliwasikia. Aliendelea kuandika ubaoni.

"Omba uhamisho," mama alimsihi.

"Nikaanze tena wapi?"

Siku ya kwenda sekondari alinibebea sanduku hadi barabarani. Njia nzima hakunipongeza. Tulikaa juu ya sanduku tukisubiri gari. Halijafika, akatazama saa, akasema ana kipindi, akarudi shuleni.

Mwaka uliofuata, shuleni kwa baba hakufaulu hata mmoja.