Mzee wa Kanisa Asiyefumba Macho

Mzee wa kanisa pale Kikima alikuwa haombi. Hilo Kasyoka wa kwaya angeliapia. Pasta akianza maombi, wengine huinamisha vichwa, lakini mzee huyo hukodoa macho, akayagandisha mdomoni mwa pasta mpaka mwisho, kisha akatoa "Amina!" nene kuliko ya kanisa zima. Mtu mzima wa miaka hamsini! Ukimsalimu kwa nyuma, anapita kama hujazaliwa. Ukikutana naye uso kwa uso, anakushika mkono hauachilii, anakutazama midomo hadi unajishuku una jani la sukuma wiki kwenye meno. Na kichekesho kikitoka, yeye hucheka wa mwisho.

"Yule ana yake," Kasyoka alimnong'oneza Muthoki, mwenzake wa benchi. "Hafumbi macho hata siku moja."

"Aii! Na wewe umejuaje, kama umeyafumba yako?"

Hata hivyo, Kasyoka hakuacha kumchungulia.

Jumapili moja ya Novemba 1974, katikati ya maombi, mvua iliyongojwa tangu Mei ikayaangukia mabati kwa kishindo, ikaimeza sauti ya pasta. Vichwa vikainuka, watu wakatazamana: bado anaomba, ama amemaliza? Mzee peke yake hakushtuka wala hakutupa jicho juu. Pasta alipofunga mdomo tu, yeye akapaza: "Amina!"

Kasyoka akashika shavu. Kumbe kwa mzee huyu mvua ilikuwa ikinyesha kila Jumapili.