Ng'ombe Niliyemtunga Njiani

Baba hupenda kusema kwamba sijawahi kumaliza kitu isipokuwa mboga. Mwaka huu alilisema hilo akiwa ameshika fomu ya shule ya bweni, shule iliyo mbali kiasi kwamba hata yeye, mtumishi wa serikali aliyezunguka mikoa, alikuwa hajawahi kufika huko. Mimi niko kidato cha tatu, shule ya kutwa, Tarime mjini. Nimehamishwa dawati mara tano kwa sababu miguu yangu hutingisha meza mpaka aliye mbele anaandika mawimbi. Kosa la mwisho silielezi hapa. Linahusu kengele ya shule na mbuzi, na mbuzi hakuumia.

Babu, baba yake baba, anakaa Mugumu. Alipopigiwa simu kuhusu fomu, alisema nipewe nafasi moja. Nitoke nyumbani Nyamisangura nitembee mpaka kwake, peke yangu, nisipande chochote chenye matairi. Yeye akiwa kijana aliipita njia hiyo na ng'ombe, tena wakaidi. Nikifika, fomu inachanwa. Nikipanda hata baiskeli, naenda bweni. Akaweka na sharti la pili, ambalo mimi nililichukua kama salamu tu: nipite kwa wenzake watatu wa saro moja, yaani wazee waliotahiriwa naye msimu mmoja, na nile kwao. Mjukuu wa mtu wa saro yako hapiti mlangoni kwako moja kwa moja kama gari la wakubwa.

Baba alikubali haraka mno. Nilimwona anatafuta kalamu.

Nikaondoka Jumatatu asubuhi, likizo ya Juni, nikiwa na raba za michezo, fimbo, chupa ya maji na kitochi cha mama, simu yake ndogo ya vibonye. Bomani nilipita nikikimbia. Maduka ya mwisho yalipoisha ndipo nikagundua kitu ambacho hakuna aliyenionya: kutembea kunachosha kichwa kabla ya miguu. Miguu inaenda, kichwa hakina kazi. Nilihesabu nguzo za umeme nikaacha. Nikaimba, nikatembea kinyumenyume, nikamsalimia punda shikamoo. Ikafika saa tatu tu.

Halafu yakaanza maswali. Huku kwetu kijana anayetembea peke yake, na fimbo, mbio mbio, ana sababu moja tu: anafuata nyayo za ng'ombe walioibiwa. Mama mmoja aliyekuwa anaanika udaga wa muhogo kwenye jabali aliniuliza wamechukua wangapi. Nikamwambia ukweli, kwamba natembea tu. Akaacha udaga wake akaniangalia kama mtu aliyetoroka wodini. Mzee aliyefuata nikamwambia ukweli pia, naye akataka kujua kama ndugu zangu wanajua niliko.

Wa tatu alikuwa fundi baiskeli. "Mura, kijana, wamechukua wangapi?"

"Mmoja," nikasema. "Mwekundu. Pembe ya kushoto imevunjika."

Ndugu msomaji, mambo yalibadilika. Nilipewa benchi, maji, na kipande cha muhogo wa kuchemsha. Watu wakaniita mwanaume. Kila niliposimama ng'ombe wangu alipata kitu kipya: baka jeupe usoni, kisha kuchechemea mguu wa nyuma. Nilipofika Nyamwaga jioni nilikuwa nampenda. Kwa mzee wa kwanza wa saro nilikula, nikalala, nikanyamaza kimya kuhusu mifugo.

Siku ya pili malengelenge yalikuwa yamepasuka na ng'ombe alikuwa ametangulia. Nasema kweli. Watu walianza kuniita kabla sijawafikia. Bodaboda mmoja alipunguza mwendo, akaniambia mwekundu wangu kapita alfajiri na vijana wawili, na pembe kaiona kwa macho yake. Akataka kunipakia bure tumuwahi. Nilikataa, naye akaona nina kiburi. Mimi peke yangu katika wilaya nzima ndiye niliyejua ng'ombe huyo hayupo, na bado ilipofika saa nne nilijikuta natazama chini kutafuta kwato.

Mzee wa pili anakaa Kewanja, nyumba ya bati jipya, mlima wa vifusi vya mgodi ukionekana nyuma ya choo. Nilifika saa sita. Aliniamkua kwa utani, kwamba babu yangu alikuwa mwoga wa kisu na damu yake ndiyo hii mbele yake. Ana goti bovu, anatembea akilisukuma kwa mkono. Akaagiza jogoo akamatwe. Jogoo akakataa kukamatwa. Bibi mwenye nyumba alikuwa hajasonga ugali, hata moto hajakoka. Mimi nikakaa, nikasimama, nikakaa. Nilipiga hesabu: jogoo, moto, ugali, hadithi. Giza lingenikuta kabla sijavuka Mto Mara.

"Babu, siwezi kungoja," nikamwambia. "Kuna ng'ombe wetu ameibiwa. Namfuata."

Mzee aliacha kumtazama jogoo. Akauliza rangi. Nikampa yote, mpaka baka. Akaniruhusu, hata akanisukuma mgongoni niende upesi, nami nikaondoka nikijisifu kwamba uongo mmoja umeniokolea nusu siku.

Nilivuka daraja saa tisa. Maji yalikuwa ya kahawia, viboko wamejaa kama mawe yanayopumua. Nilikuwa Serengeti sasa, wilaya ya babu, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba fomu ile itachanwa kweli. Niliongeza mwendo. Saa kumi na nusu kitochi kikalia. Alikuwa babu wa Mugumu.

Aliniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akauliza wapi, nikasema Kewanja, akauliza nini. Nikasema kuku.

"Kuku huyo bado anatembea," babu akasema. "Mwenzangu amenipigia simu kunipa pole ya ng'ombe. Ng'ombe gani?"

Nilijaribu kucheka. Hakucheka. Akaniambia kilichokuwa kimetokea nyuma yangu: mzee wa Kewanja hakubaki nyumbani. Ng'ombe wa mtu wa saro yake akiibiwa hawezi kukaa, goti au bila goti. Alichukua fimbo na wanawe wawili, wametoka kufuata nyayo, na kila wanayemuuliza anasema amemwona.

"Nikirudi sitafika kesho," nikasema.

"Hutafika."

"Naweza kurudi kwa bodaboda? Sharti lilikuwa kuja, si kurudi."

"Panda uone," akasema, akakata.

Nikarudi. Njia ile ile, malengelenge yale yale, na kila kijiti kimehamia upande wa pili. Nilitamani kukimbia lakini sikujua naogopa kufika au kuchelewa. Nilivuka daraja tena, nikamkuta mzee upande wa Kewanja. Wanawe alikuwa amewatuma upande wa mtoni. Yeye alikuwa kando ya barabara ameinama, anachunguza matope kwa ncha ya fimbo. Alikuwa amepata kwato. Za ng'ombe wa mtu mwingine, bila shaka, lakini alikuwa amezipata, na suruali yake ilikuwa na tope mpaka kwenye lile goti.

"Huyu anachechemea," akaniambia kwa furaha. "Tazama."

Nimewahi kusimamishwa mbele ya shule nzima na sikuona aibu. Pale niliiona. Nikamwambia hakuna ng'ombe. Akadhani namaanisha ameshachinjwa. Ikabidi niseme tena, pole pole, kwamba nilimtunga, pembe na baka na mguu, kwa sababu sikutaka kungoja jogoo.

Aliendelea kuitazama ile alama ya kwato. Kisha akasema, "Nishike mkono. Goti limekwisha."

Tulitembea mpaka Kewanja kwa mwendo wake. Sijawahi kutembea safari ndefu kama ile. Kila baada ya hatua kumi alisimama, na kila aliposimama miguu yangu ilitaka kwenda bila mimi. Wanawe walitupita, mmoja akinitazama kwa jicho la kunichinja. Mzee hakunitukana. Nyumbani nilingoja jogoo, nikangoja ugali, nikala mpaka sahani ikabaki nyeupe, naye akinitazama kila tonge.

Asubuhi akatoa hukumu yake: kwa kila mtu ambaye yeye alimuuliza jana, niseme mwenyewe kwamba ng'ombe hayupo. Walikuwa kumi na wanne. Wengine walicheka, mmoja akanirushia gunzi. Bodaboda yule alikasirika kuliko wote, akasisitiza kwamba mimi ndiye mwongo, yeye alimwona.

Nililala kwa mzee wa tatu, ng'ambo ya mto, nikala kila kilicholetwa. Nikafika Mugumu siku ya nne, saa saba mchana, raba moja ikiwa imefunuka mdomo. Babu hakunipa hata kiti. Alimpigia baba, akaweka simu sauti kubwa.

"Amefika kwa miguu," babu akasema.

"Nani kasema?" baba akauliza.

"Yeye."

"Yeye aliyetunga ng'ombe?"

Hapo nikaelewa nilichofanya. Nilikuwa nimetembea njia nzima, hatua kwa hatua, na sikuwa na mdomo wa kuaminiwa.

Babu akakohoa. "Piga simu Nyamwaga, Kewanja, popote unapojua mtu. Usiulize kama amepanda gari. Uliza kijana wa ng'ombe mwekundu alipita vipi."

Baba alikata. Nilizunguka ua mpaka kuku wa babu wakahama. Baada ya saa nzima simu ikalia. Baba alikuwa amempata nesi wa Nyamwaga ambaye ni mgeni toka Songea, mwalimu mmoja wa Kewanja, na karani wa ng'ambo ya mto aliyesoma naye. Wote walinijua. Wote walisema kwa miguu, na wawili walitaka kujua kama ng'ombe alipatikana.

"Fomu nimeichana," baba akasema. "Kesho panda gari urudi."

Nikapanda. Kabla ya kufika darajani nilikuwa nimeshabadilisha siti mara tatu.